Muhogo, Shabu na Kiwele cha Ng'ombe: Visaidizi vya Chanjo Hufanya Kazi Gani

Alfajiri moja ya mwezi wa Machi, kabla mvua za masika hazijashika, nilisimama katika banda la ng'ombe watatu huko Kiboje, Unguja, nikimtazama daktari wa mifugo akikamia matone machache ya maziwa kutoka kila chuchu ndani ya kibao cha plastiki chenye vikombe vinne vifupi. Ng'ombe mwenyewe alikuwa chotara wa Friesian, mzao wake wa tatu. Daktari alimimina juu ya maziwa yale maji ya rangi ya zambarau yenye sabuni, akakizungusha kibao taratibu kama mtu anayechagua mchele kwenye ungo, na kabla sekunde ishirini hazijatimia kikombe cha nyuma kushoto kilikuwa kimegeuka: maziwa yaliyokuwa mepesi yalijikusanya katikati, mazito mfano wa uji uliopoa, yakakataa kutawanyika. Vikombe vitatu vyengine vilibaki maji. Kiwele hakikuwa kimevimba wala hakikuwa na joto, na maziwa ya asubuhi ile yalikuwa meupe kama ya jana yake. Mwenye ng'ombe, mama wa makamo aliyekuwa ameshika ndoo, alikitazama kile kikombe kwa muda kisha akauliza: "Daktari, ndigana tunachanja, mbwa tunawachanja kichaa. Huu ugonjwa wa kiwele mbona hauna chanjo?"

"Ipo, mama, ila si kama hizo nyengine," alijibu, na hakuongeza neno, kwa sababu mchukuzi wa maziwa ya Mjini alikuwa tayari anapiga honi barabarani. Jibu refu linahitaji nafasi, kwani linapita katika jambo ambalo wafugaji wengi hawajawahi kulisikia likitajwa, nalo ni kile kinachotiwa ndani ya chupa ya chanjo pamoja na kijidudu kilichouliwa. Wataalamu hukiita ajuvanti, kwa neno la Kilatini lenye maana ya kusaidia. Mimi hapa nitakiita kisaidizi cha chanjo.

Tuanze na kile kikombe. Kipimo kile cha kuutambua ugonjwa wa kiwele kilibuniwa California mwaka 1957, na hadi leo hakuna kilichokishinda kwa urahisi kinapotumika bandani. Sabuni iliyomo hupasua chembe nyeupe za damu zilizomo ndani ya maziwa, na vinasaba vinavyotoka katika chembe hizo hunasana kama ute wa bamia. Uzito ule, kwa hiyo, hautokani na usaha kwa maana tunayoijua wala na maji ya mtu mdanganyifu. Ni idadi ya chembe nyeupe inayojionesha kwa macho. Robo ya kiwele, yaani chuchu moja na sehemu yake ya kiwele, ikiwa nzima huwa na chembe zisizofika 100,000 katika mililita moja ya maziwa. Zikivuka 200,000 daktari huhesabu kuwa robo hiyo ina maambukizi, na Umoja wa Ulaya hauruhusu maziwa mabichi ya ng'ombe kuingia kiwandani yakiwa na wastani unaozidi 400,000. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ndilo ufunguo wa yote yanayofuata: ng'ombe yule alikuwa tayari amekwisha kupeleka walinzi wake katika robo ile, na kwa wingi, lakini vijidudu bado vilikuwa vimekaa kitako.

Vijidudu vyenyewe ni vya makundi mawili. Kundi la kwanza, ambalo mashuhuri wake ni Staphylococcus aureus na Streptococcus agalactiae, huishi katika viwele vyenyewe na kuhama kutoka ng'ombe hadi ng'ombe kwa mikono ya mkamaji, kwa kitambaa kimoja kinachofutia wote, na kwa kopo la mafuta ya kukamia ambalo kila mtu huchovya kidole. Kundi la pili, wakiwamo Escherichia coli na Streptococcus uberis, hukaa katika kinyesi, tope na malalio, na humrukia ng'ombe anapolala. Visiwani kwetu, ambako mkono ndio mashine ya kukamia kwa wafugaji walio wengi, kundi la kwanza lina njia nyeupe mwaka mzima, na kundi la pili hupata msimu wake masika, sakafu za mabanda zinapogeuka kinamasi. Makundi yote mawili huingia kwa mlango mmoja, yaani tundu la chuchu. Ndani ya tundu hilo mna mfereji mfupi uliotandikwa nta ya asili inayonasa vijidudu, na msuli unaoufunga. Lakini baada ya kukamwa msuli huo hubaki umelegea kwa nusu saa au zaidi, mara nyengine hata saa mbili.

Kati ya hao wote, Staphylococcus aureus ndiye anayewakatisha tamaa madaktari. Akishaingia hujenga vijipu vidogo ndani ya nyama ya kiwele, hujifunika utando, na hata hujificha ndani ya seli za ng'ombe mwenyewe, mahali ambapo dawa ya kuua vijidudu haimfikii ipasavyo. Mfugaji hupiga sindano ya kiwele kwa siku tatu, humwaga maziwa kwa siku zilizoandikwa kwenye paketi, huona nafuu, na baada ya mwezi kikombe kinaganda tena. Escherichia coli ana tabia nyengine kabisa: huja kwa kishindo, hasa siku chache baada ya kuzaa, sumu iliyomo katika ganda lake huingia mwilini, maziwa hugeuka majimaji, na ng'ombe aliyekula vizuri jioni anaweza kukutwa asubuhi amelala asiinuke. Chanjo inayotaka kuwazuia wawili hawa inatakiwa ifanye kazi mbili zisizofanana, na kwa hiyo tayari tumeanza kuona kwa nini daktari alisema kuwa hii si kama hizo nyengine.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, uko kwenye kiwele. Chanjo nyingi tunazozifahamu hufanya kazi kwa kuujaza mwili kingamwili, zile protini zinazomnata kijidudu na kumtangaza, na kingamwili hizo hukaa katika damu. Damu ya ng'ombe ina takriban gramu 20 za kingamwili katika kila lita. Dang'a iliyo bora, ambayo kiwele huikusanyia ndama kwa makusudi, huwa na gramu 50 au zaidi. Lakini maziwa ya kawaida, ndama akishatoka katika siku zake za mwanzo, hayana hata gramu moja kwa lita. Kati ya damu na maziwa kuna ukuta wa seli zilizobanana, na ukuta huo haufunguki mpaka pawe na uvimbe. Kwa maneno mengine, unaweza kumchanja ng'ombe ukapima damu yake ukafurahi, ilhali Staphylococcus aureus anaogelea ndani ya kiwele hana habari.

Kisha kuna maziwa yenyewe. Chembe nyeupe za aina ya nyutrofili, ambazo ndizo zinazommeza kijidudu, zikifika ndani ya maziwa hukuta bahari ya matone ya mafuta na chembechembe za protini ya kasini, nazo, kwa kuwa ni walaji wasiochagua, huanza kuyameza hayo. Nyutrofili iliyoshiba samli haina tena nguvu ya kumuua kijidudu kama ile iliyomo katika damu. Na saa kumi na mbili baadaye anakuja mtu na ndoo anaikama nje. Sijui kiungo chengine cha mnyama wa kufugwa ambacho ulinzi wake humwagwa mara mbili kwa siku kwa ratiba.

Sasa tuje kwenye kisaidizi. Hadithi yake inaanzia katika mazizi ya farasi nchini Ufaransa katika miaka ya 1920. Gaston Ramon, daktari wa mifugo wa Taasisi ya Pasteur, alikuwa akiwachanja farasi kwa sumu ya dondakoo iliyopozwa makali, ili damu yao itoe dawa ya kuwatibu watoto. Aligundua kwamba farasi ambao palipigwa sindano pakavimba na kutunga jipu ndio waliotoa kingamwili nyingi kuliko wengine. Mtu mwengine angewaondoa farasi wale kwenye hesabu kama walioharibika. Yeye akaamua kuuleta uvimbe ule kwa makusudi. Alichanganya chanjo yake na vitu ambavyo leo vinachekesha kuvisoma: makombo ya mkate, agari inayotokana na mwani (si aina ya mwani tunaoulima Paje na Jambiani, ambao hutoa karajini), na tapioka, ambayo kwa lugha ya Kibanda Maiti ni wanga wa muhogo. Kingamwili ziliongezeka. Mwaka 1926 huko Uingereza, Alexander Glenny na wenzake wakaonesha kuwa chanjo hiyo hiyo ya dondakoo ikinaswa kwenye chumvi ya alumini hufanya kazi vizuri zaidi. Chumvi waliyoitumia tunayo majumbani: ni shabu, lile jiwe la kinyozi linalopakwa kidevuni baada ya kunyoa na ambalo wazee walilitia katika mtungi ili maji ya kisima yatue uchafu. Chumvi za alumini za ukoo huo zimo ndani ya chanjo nyingi za watu na za wanyama mpaka leo.

Kwa miongo mingi hakuna aliyeeleza vizuri kwa nini mambo haya yanasaidia. Mwaka 1989 Charles Janeway, mtaalamu wa kinga wa Marekani, alikiri hadharani kuwa kisaidizi ni siri yao ndogo chafu: kila mmoja anakitia, na hakuna anayependa kuulizwa sababu. Alitoa pia wazo lililogeuza taaluma nzima. Mwili, alisema, hauamki kwa kuona kitu kigeni tu, kwa maana chakula nacho ni kigeni na vumbi ni geni. Unaamka pale kitu kigeni kinapokuja pamoja na dalili ya hatari. Waswahili tunalijua jambo hilo kwa njia yetu: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Wageni wanaingia mjini kila siku na hakuna anayetoka nje, lakini baragumu likipulizwa watu huacha vyungu jikoni. Kijidudu kilichouliwa na kusafishwa vizuri kiwandani ni mgeni aliyeingia bila mbiu. Kisaidizi ndicho mbiu.

Utafiti uliofuata ulizipata zile sikio zinazoisikia mbiu hiyo. Ni vipokezi vilivyo juu na ndani ya seli, vinavyotambua alama ambazo vijidudu huwa nazo na mnyama hana, kama vile mafuta yenye sukari ya ganda la Escherichia coli. Jules Hoffmann na Bruce Beutler walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2011 kwa kazi hiyo, pamoja na Ralph Steinman, aliyezigundua seli zenye matawi ambazo hulichukua kombo la kijidudu kutoka palipopigwa sindano na kulipeleka katika tezi za limfu, zile zinazovimba tukasema mtu ana mtoki. Huko katika tezi ndiko hukumu inakotolewa, na jambo la kuzingatia ni kwamba hukumu hiyo hufuata aina ya mbiu iliyopigwa. Kijidudu kimoja, kikipelekwa na visaidizi viwili tofauti, huzaa kinga mbili tofauti.

Hapo ndipo mjadala wa kiwele ulipo. Chumvi za alumini huelekea kuuambia mwili utoe kingamwili nyingi, jambo linalotosha kwa ugonjwa wa sumu kama dondakoo au pepopunda, lakini kwa kiwele, kama tulivyoona, kingamwili za damuni ni mali iliyofungiwa nyuma ya ukuta. Mafuta ya madini yaliyochanganywa na maji yakawa kama tui zito hufanya kazi kwa namna nyengine: hubaki pale pale yalipodungwa kwa wiki kadhaa, yakiachia chanjo kidogo kidogo huku yakichokoza tishu bila kukoma. Mhenga wa njia hii ni Jules Freund, ambaye katika miaka ya 1930 na 1940 aliyachanganya mafuta na vijidudu vya kifua kikuu vilivyouliwa. Mchanganyiko wake kamili una nguvu mno, na makali yake ya vidonda ndiyo yaliyoufanya usitumike katika chanjo za kawaida. Saponini, inayochujwa katika magamba ya mti wa Chile uitwao Quillaja saponaria, hutoa povu kama sabuni na huamsha si kingamwili peke yake bali pia seli zinazopambana ana kwa ana. Wafugaji wengi wamekwisha kuitumia bila kuijua, kwa kuwa huchanganywa na alumini katika chanjo nyingi za ugonjwa wa miguu na midomo. Kuna pia visaidizi vya kizazi kipya vinavyoiga alama za vijidudu moja kwa moja, kwa mfano lipidi A iliyopunguzwa sumu, ambayo imetokana na ganda lile lile la bakteria.

Kwa kiwele, mtafiti anatafuta mbiu itakayoleta mambo mawili. La kwanza ni kingamwili za aina inayomshika kijidudu na kumkabidhi nyutrofili, kwa sababu nyutrofili aliyelemewa na mafuta hummeza haraka zaidi kijidudu aliyetiwa alama. La pili ni kasi. Seli za kumbukumbu zinazokaa karibu na chuchu zinapaswa kuita nyutrofili mapema, vijidudu wakiwa bado mamia, kabla hawajafika mamilioni. Watafiti wa Ufaransa, pamoja na wengine, wameelekeza macho yao kwa kundi la seli linaloitwa Th17, ambalo kazi yake ni hiyo hasa ya kuita nyutrofili, na swali la visaidizi vipi vinaliamsha kundi hilo ndani ya ng'ombe ndilo ninaloliona kuwa la maana kuliko mengine yote katika uwanja huu. Lakini hapa pana mtego. Nyutrofili hao hao, wakija wengi na wakakaa muda mrefu, huziumiza seli zinazotengeneza maziwa, na tishu iliyoumia hugeuka kovu lisilotoa kitu. Mbiu ikizidi, mji unabomolewa na watu wake.

Katika soko la dunia, chanjo ya kiwele iliyozoeleka zaidi ni ya Escherichia coli wa aina ya J5. Huyu ni kijidudu aliyepoteza sehemu ya nje ya ganda lake, hivyo kiini cha ganda, ambacho ndugu zake wengi wanacho kwa pamoja, kimebaki wazi kuonekana na kinga. Ng'ombe aliyechanjwa kwa J5 anaweza kuambukizwa kama mwenzake asiyechanjwa. Tofauti ni kwamba ugonjwa humjia mpole zaidi, maziwa hupungua kidogo zaidi, na uwezekano wa kufa hushuka. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliidhinisha chanjo inayounganisha J5 na Staphylococcus aureus katika kisaidizi cha mafuta ya parafini, nayo hupigwa mara tatu: siku 45 kabla ya tarehe ya kuzaa inayotarajiwa, siku 35 baadaye, na siku 62 baada ya hiyo ya pili. Matokeo yake shambani hayakufanana. Jaribio la Italia lililochapishwa mwaka 2014 liliona maambukizi mapya ya staphylococcus yakipungua kwa kiasi na, zaidi ya hapo, muda wa maambukizi ukifupika. Jaribio la Uingereza la mwaka uliofuata halikuona upungufu wa idadi ya wagonjwa, isipokuwa ukali wa ugonjwa ulishuka na maziwa yakaongezeka. Mtu aliyezoea kuona chanjo ikifuta ugonjwa ataziona habari hizi kuwa mbaya. Mimi naziona kuwa ndizo tulizostahiki kuzitarajia baada ya kujua kiwele kilivyo.

Ratiba ile ya sindano nayo haikupangwa kwa kubahatisha. Ng'ombe hukaushwa, yaani huachwa kukamwa, takriban siku 60 kabla ya kuzaa, na hatari ya maambukizi mapya huwa kubwa katika vipindi viwili: wiki za mwanzo baada ya kuacha kukamwa na wiki mbili za mwisho kabla ya kuzaa, kisha kinga yake hushuka yenyewe kwa siku kadhaa anapozaa. Chanjo inapaswa iwe imekwisha kusikika mwilini kabla ya bonde hilo. Hili linamdai mfugaji kitu ambacho madaftari mengi ya banda hayana, yaani tarehe ya kupandishwa. Asiyejua siku ng'ombe wake aliyopandishwa hawezi kuhesabu siku 45 kurudi nyuma.

Kisaidizi chenye nguvu huleta na gharama zake. Baada ya sindano ya mafuta, ng'ombe anaweza kupata homa ya siku moja mbili, akapunguza maziwa kidogo, na mahali palipodungwa pakabaki na uvimbe kwa wiki kadhaa. Hiyo ni dalili ya mbiu ileile ya Ramon, wala haina maana kwamba chanjo imeharibika. Kwa mtu, habari ni nyengine. Aliyejidunga kidole kwa bahati mbaya na chanjo ya mafuta ya madini asijidanganye kwa kuwa tone ni dogo na jeraha halitoki damu. Mafuta hayo husambaa ndani ya mishipa ya kidole, huvimbisha, huzuia damu, na kidole kinaweza kupotea. Anatakiwa aende hospitali saa hiyo hiyo akiwa na paketi ya chanjo mkononi, amuoneshe daktari neno "mafuta" lililoandikwa, kwa sababu mara nyengine jeraha hulazimika kupasuliwa na kusafishwa mapema.

Kuna adui mwengine ambaye visiwani anakuja katika sura ya msaada, naye ni friza. Chanjo hizi huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na kila mtu hapa anajua hofu ya umeme kukatika, hivyo ni rahisi mtu mwenye nia njema kuitia chupa pamoja na samaki na barafu akiamini kuwa baridi zaidi ni usalama zaidi. Kugandisha ni kuua kisaidizi. Chembe za alumini zikiganda hushikana zikawa mabonge, na chanjo iliyokuwa imenasa juu yake haifanyi tena kazi yake. Tui la mafuta likiganda hukatika, maji huku, mafuta kule, kama tui la nazi lililopikwa kwa moto mkali bila kukorogwa. Chanjo ya alumini ina kipimo chake cha mkono: chukua chupa unayoitilia shaka na nyengine ya aina ile ile uliyoigandisha makusudi na kuiyayusha, zitikise zote mbili, ziweke mezani, utazame kwa nusu saa. Zikitua kwa mwendo mmoja, ile ya shaka nayo iligandishwa. Kipimo hiki hakifai kwa chanjo za mafuta. Hizo zikionekana zimekatika matabaka yasiyochanganyika tena, zisitumike.

Wakati huu ambapo maneno "kuongeza kinga" yanabandikwa juu ya kila unga, ni vyema kutenganisha mambo. Kisaidizi cha chanjo hakina kazi yoyote peke yake. Humsaidia kijidudu aliyeuliwa asikike, na kikiondolewa kwa mwenzake ni uvimbe mtupu. Vitamini E na seleni ni jambo jengine: ni lishe, na ng'ombe anayezikosa huwa na nyutrofili dhaifu, hivyo kumpa pale zinapopungua hupunguza ugonjwa wa kiwele bila chanjo yoyote. Majani mabichi yana vitamini E nyingi, wakati nyasi kavu za kiangazi zimekwisha kuipoteza. Kuna tena molekuli iitwayo pegibovigrastimu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, ambayo huiga ishara ya mwili wa ng'ombe na kuongeza idadi ya nyutrofili katika damu siku za kuzaa, kwa ugonjwa wowote utakaokuja. Hiyo si chanjo wala kisaidizi, na haifundishi mwili kumkumbuka kijidudu yeyote. Ng'ombe mwenye minyoo, mwenye kupe wengi, au aliyefungiwa chini ya bati la chini lisilopitisha upepo katika joto la kaskazi, hatajibu vizuri mbiu yoyote kati ya hizi, hata iwe ya kizazi kipi.

Mfugaji wa Unguja au Pemba atakayeletewa chanjo ya kiwele ana haki ya kumuuliza anayemletea: inamlenga kijidudu gani, na je, ndiye aliyepatikana katika maziwa ya banda langu? Kisaidizi chake ni mafuta au alumini? Ilihifadhiwa wapi jana usiku? Swali la kwanza ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo lenye kupoteza fedha zaidi, kwa sababu chanjo ya J5 haina la kumfanya Streptococcus agalactiae aliyeletwa na kitambaa.

Pale Kiboje, daktari alichukua maziwa ya robo ile katika kichupa kisafi kwa ajili ya kuoteshwa maabara, akamwambia mama yule ng'ombe huyo akamwe wa mwisho kuanzia jioni ile, na chuchu ya nyuma kushoto iwe ya mwisho kati ya nne, kila chuchu ichovywe ayodini mara tu ndoo ikiondolewa. "Na majani ya tembo?" mama aliuliza, maana alizoea kuyatupa horini kabla ya kukama ili ng'ombe atulie. Daktari alimwambia ayagawe: kidogo kabla, mengi baada, ili ng'ombe abaki amesimama anakula huku tundu la chuchu likifunga. Mama alilisukuma fungu lililobaki kwa mguu mpaka mbele ya ng'ombe, akainama kuiosha mikono kwa sabuni, ndipo akamgeukia ng'ombe wa pili.